Msimu wa klabu yetu hauishi. Wenzetu mnaupangaje?

KatibuMchovu:

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kuendesha klabu za mbio za watu wa kawaida. Sisemi zile zenye wadhamini na wanariadha wa kulipwa, nasema sisi wenye vibarua vyetu, tunaokimbia alfajiri na kuwahi kazini na nywele zikiwa bado mbichi.

Tuko wanachama kama sitini. Kila mwaka tuna jedwali la pointi na kikombe kimoja kinachozunguka. Ukimaliza mbio yoyote iliyo kwenye kalenda unapata pointi, ukiwa miongoni mwa wa mbele wa klabu unaongezewa. Shida ni hiyo kalenda. Kamati haina ubavu wa kukataa kitu. Tangazo la mbio likishatua kwenye kundi la simu, mtu anaandika "na hii tuiweke", wengine wanaweka vidole gumba, imeingia. Sasa tuna mbio karibu kila wikendi.

Anayeongoza jedwali si mwenye kasi na si aliyepiga hatua, ni asiyekosa. Kinara wetu wa sasa alikimbia nusu marathoni Jumapili, Jumamosi iliyofuata akawa kwenye 10 km, na muda wake wa 10 km ni mbaya kuliko aliokuwa nao mwaka ulipoanza. Nyuma yake kuna mmoja aliyepata ufa kwenye mfupa wa ugoko, wengine wanalalamika ukano wa kisigino kila wakiamka. Kocha wetu, ambaye anajitolea, amesusa nusu. Anasema hana mtu wa kumfundisha: huyu amechoka na mbio ya jana, yule anajitunza kwa ajili ya kesho.

Je, mwaka tuugawe misimu? Mingapi? Wanaotaka marathoni tuwaweke wapi? Na pointi tuzihesabuje bila kuwavunja moyo wa polepole, maana ndio wengi na ndio wanaolipa ada kwa wakati?

Goti_Bovu:

Mkuu Katibu, pole na hongera, maana kazi ya ukatibu haina kikombe. Nimekuwa nahodha wa klabu muda mrefu kuliko busara inavyoruhusu, kwa hiyo nitaongea kwa kirefu. Mwenye haraka aruke.

Mnalaumu kalenda bure. Kilichoharibika ni jedwali. Mtu hufuata pointi zilipo. Ukimlipa kwa kufika, atafika, hata kama anachechemea. Hata ukifuta nusu ya mbio leo, hesabu ikibaki ile ile, kinara wako atazikimbia zote zilizobaki na kuuliza kwa nini zimepungua. Anza na hesabu. Hesabuni matokeo bora tu: kalenda iwe na mbio 12, kila mtu ahesabiwe 6 zilizomwendea vizuri zaidi. Mbio ya 7 haiongezi kitu mpaka iwe bora kuliko mojawapo ya zile 6. Hapo mtu anaanza kujiuliza "hii niikimbie au nipumzike?", na hilo swali ndilo ambalo klabu yako haijawahi kuliuliza.

Wekeni na sharti: kati ya hizo 6, angalau moja iwe fupi (5 km au pungufu), moja ya nyika, moja ndefu. Bila hivyo mwenye nguvu za barabara ndefu atajificha huko mwaka mzima na hutamwona kwenye matope.

Sasa misimu. Kwa klabu ya watu wenye kazi, miwili inatosha. Mmoja wa nyika na mbio fupi, mmoja wa barabara ndefu, na katikati yake pengo la kweli. Nikisema pengo namaanisha wiki mbili tatu ambazo kalenda ya klabu haina kitu kabisa na kocha hapokei simu. Mtaogopa kwamba mtapoteza pumzi. Wiki mbili za mwendo mwepesi hazimharibii mtu msingi aliojenga kwa miezi. Kinachomharibia ni kuanza msimu mpya na kisigino cha msimu wa zamani.

Wazo la kugawa mwaka si la juzi. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwajengea vijana wake mwaka wenye vipindi: miezi ya mbio ndefu za mwendo wa kawaida, wengine hadi kilomita 160 kwa wiki, kisha vilima, kisha kasi ya uwanjani, na mwisho mashindano. Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Peter Snell akachukua dhahabu ya mita 800 na siku hiyo hiyo Murray Halberg akachukua ya mita 5,000. Mkimbiaji wa mita 800 aliyelelewa kwa mbio ndefu kama za marathoni! Watu waliona ni wazimu. Sasa, tafadhali, asije mtu hapa akaiga kilomita 160 akiwa na watoto wawili na bosi. Cha kuiga ni mpangilio: kila kipindi kina kazi yake, na kipindi cha kujenga hakichanganywi na kuwania vikombe kila Jumapili.

Ukishakuwa na misimu, kila mwanachama achague mbio kuu moja kwa kila msimu. Moja. Aandike kwa katibu kabla msimu haujaanza. Zilizobaki ni za kupimia au za mazoezi. Eliud Kipchoge, ambaye kukimbia ndiyo kazi yake na kulala ndiyo kazi yake ya pili, miaka mingi alikuwa akikimbia marathoni mbili tu kwa mwaka. Halafu karani wa ofisi anataka tatu, na nusu marathoni nane za kujazia.

Mbio za kupimia zina faida moja ambayo watu hawaitumii. Kuna kanuni ya Peter Riegel, mhandisi wa Marekani aliyekuwa mkimbiaji: chukua muda wako wa umbali mmoja, ukigeukia umbali mara mbili, zidisha muda kwa 2.085 hivi, usizidishe kwa 2. Mwenye 10 km kwa dakika 50 anatarajiwa nusu marathoni (km 21.1, zaidi kidogo ya mara mbili) kwa saa 1 na dakika 50 hivi. Huyo akija kwa kocha anasema anataka saa 1 na dakika 40, kocha ana cha kumwonyesha bila ugomvi. Kwenye marathoni kanuni hiyo humpendelea mtu kupita kiasi kama hana mbio ndefu za kutosha miguuni, kwa hiyo huko ongeza dakika za unyenyekevu.

Kuelekea mbio kuu, punguzeni mazoezi. Mwaka 2007 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za jambo hili, ukakuta kinachosaidia zaidi ni wiki mbili za kupunguza kilomita kwa asilimia 41 hadi 60, huku kasi ya mazoezi ikibaki ile ile. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunabaki na kilomita zote na kuzikimbia kivivu. Klabu isaidie kwa jambo dogo tu: wiki mbili kabla ya mbio kuu ya wengi, kalenda iwe tupu. Usimtegemee mwanachama kujizuia mwenyewe wakati wenzake wanatuma picha za medali.

Hayo yanatosha kwa leo, goti linaniita.

MpendaMatope:

Goti kasema kweli, ila amepita haraka sana kwenye nyika, na kwa klabu ndogo huko ndiko kwenye utamu.

Katibu, barabarani kila mtu anakimbia na saa yake. Kwenye nyika saa haina maana: njia ina vilima na matope, hakuna anayejali kilomita umeipiga kwa dakika ngapi. Kinachohesabiwa ni nafasi, na nafasi zinajumlishwa. Wenye jumla ndogo ndio washindi. Chukua timu ya wanaohesabiwa wanne. Klabu A ina mastaa wawili, wanashika nafasi ya 1 na ya 2, wa tatu wao anakuwa wa 9, wa nne anajikokota wa 30. Jumla 42. Klabu B hawana staa hata mmoja: 6, 7, 8, 10. Jumla 31. B wanabeba kikombe, na mastaa wa A wanapiga picha na sura za msiba.

Mnaona nani mwenye timu mkononi? Yule wa nne. Mtu ambaye barabarani hakuna anayemwuliza muda wake, kwenye nyika mita 200 za mwisho wenzake wote wamesimama kando ya kamba wanalipigia kelele jina lake, kwa sababu akimpita mtu mmoja tu ni pointi. Na kama aliyepitwa ni miongoni mwa wanaohesabiwa wa wapinzani wenu, ni pointi mbili: yenu inashuka moja, yao inapanda moja. Hata wa tano na wa sita, ambao hawahesabiwi, wakimtangulia mpinzani wanamsukuma nyuma nafasi moja. Nimeona mtu wa sita akishangiliwa kuliko mshindi, naye hajui kwa nini, anadhani ni wa mwisho.

Kenya walipobeba ubingwa wa dunia wa nyika kwa timu za wanaume mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, John Ngugi na Paul Tergat ndio tunaowakumbuka, lakini kikombe cha timu hakibebwi na mmoja. Ni kina cha kikosi.

Kwa hiyo msimu wa nyika upeni kikombe chake, cha timu. Gaweni klabu yenu makundi manne kwa kura, wa haraka na wa polepole mchanganyiko. Mtashangaa ni nani watakaoanza kuja mazoezini.

Polepole_Ndio_Mwendo:

Naomba na sisi tusikike, maana naona mnatuzika tukiwa hai.

Mimi ndiye yule anayekimbia kila wikendi. Si wa klabu ya Katibu, ila tuko wengi. Sikimbii kutafuta nafasi. Nalipia namba, nabandika kifuani, nakutana na watu, narudi nyumbani nimefurahi. Mazoezini mkiniacha dakika ya pili nabaki na mbwa. Kwenye mbio kuna watu wa mwendo wangu, kuna wa kunishangilia, kuna maji. Mkisema "6 bora" mnaniambia mbio zangu nyingine hazina thamani. Na nyinyi wenye misimu, mbona wenye magoti mabovu ni nyinyi?

Goti_Bovu:

Hilo la mwisho nimelipokea.

Ndugu Polepole, kushindana na kukimbia ndani ya mbio ni vitu viwili. Ukienda kwa mwendo ambao unaweza kupiga soga njia nzima, hiyo ni mbio yako ndefu ya wiki, imefanyika ukiwa na namba kifuani. Haina madhara, endelea. Anayeumia ni yule anayekuja kwa maneno hayo hayo, akisikia king'ora anasahau yote, kilomita ya kwanza anapita na wenye dakika nne. Katibu anawajua kwa majina.

Dawa ni kutenganisha. Kuwe na jedwali la ushindani lenye 6 bora, na pembeni yake orodha ya mahudhurio isiyo na nafasi. Aliyehudhuria vya kutosha anapata fulana au cheti mwisho wa mwaka, na kusimamia kona, kugawa maji au kushika saa kuhesabiwe sawa na kukimbia. Hapo mwenye kisigino kibovu ana njia ya kubaki kwenye orodha bila kukanyaga barabara. Hiyo sheria moja tu iliwatuliza watu kwetu kuliko mahubiri yangu yote.

Mama_Kilomita:

Kaka zangu, mmesahau umri. Klabu yenye watu sitini ina kijana wa miaka 22 na mama wa miaka 58 kwenye jedwali moja, halafu mnashangaa mama haji.

Njia zipo mbili. Moja ni makundi ya umri. Riadha ya wakongwe inaanza miaka 35 na kupanda kwa mitano mitano. Kwa klabu ndogo hayo ni mengi mno, mtakuta kundi lina mtu mmoja anayejishinda mwenyewe. Kumi kumi inatosha. Nyingine ni asilimia ya umri: muda wako unalinganishwa na muda wa kiwango cha juu kabisa duniani kwa umri na jinsia yako. Majedwali yake yameandaliwa tayari na mtu yeyote mwenye kikokotozi anaweza kuyatumia. Pointi zikienda kwa asilimia hiyo, mwenye miaka 58 anaweza kumshinda wa 22 kihalali, na atakumbushia hadi mwakani.

Lakini mimi naipenda zaidi mbio ya kutangulizwa. Kila mwisho wa mwezi, 5 km, njia ile ile. Mnachukua muda bora wa kila mtu wa miezi sita iliyopita. Mwenye dakika 32 anaondoka wa kwanza, saa inaanza. Mwenye 26 anaondoka dakika 6 baadaye, mwenye 20 anasimama pale anaota baridi dakika 12 ndipo anaachiwa. Kama kila mtu atakimbia kama kawaida yake, wote mnafika mstarini pamoja. Anayeshinda ni aliyeboresha. Kwa wa polepole ni mara ya kwanza kukimbia akiwa mbele na kusikia vishindo nyuma yake, na niwaambie, vishindo hivyo vinafundisha kasi kuliko filimbi ya kocha.

Angalizo: wajanja watakimbia kivivu mwezi huu ili watangulizwe vizuri mwezi ujao. Ndiyo maana nimesema muda bora wa miezi sita, usitumie wa mwisho. Na ushindi ukipatikana, mshindi apunguziwe sekunde 30 za kutangulizwa mara inayofuata.

Kuhusu marathoni: kuna kanuni inayohusishwa na Jack Foster, mkimbiaji wa New Zealand, kwamba kila maili uliyoshindana ulipe kwa siku moja bila kushindana tena. Marathoni ni maili 26, kwa hiyo karibu mwezi mzima. Watu husema ni uvivu. Foster huyo alichukua medali ya fedha ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 akiwa na miaka 41, kwa saa 2:11:19. Uvivu wa namna hiyo mimi nautaka. Katibu, iwekeni marathoni mwisho wa msimu wa barabara, pengo lenu la klabu lije mara baada yake. Mkiiweka katikati, mwezi unaofuata jedwali zima litakuwa la watu wanaoshuka ngazi kinyumenyume.

SaaHaidanganyi:

Nakubaliana na wengi, ila 6 kati ya 12 kwa klabu ya watu wenye zamu za kazi ni nyingi. Nesi au dereva hapati wikendi sita huru zilizoangukia siku za mbio zenu. Kwetu tulishuka hadi 5 kati ya 12 na malalamiko yakakatika. Jedwali lisomeke pia. Kama mtu anahitaji katibu kumweleza kwa nini yuko wa saba, hesabu imezidi.

KatibuMchovu:

Wakuu, nimewasoma wote, na nimemsomea kocha kwa simu. Amecheka sehemu ya mastaa wa klabu A, jambo ambalo halijatokea siku nyingi.

Nitakachopeleka kwenye kamati: misimu miwili, nyika kwanza, barabara baadaye, na pengo la wiki tatu baada ya marathoni. Mbio 12, zihesabiwe 5 (SaaHaidanganyi umenishawishi, nusu ya watu wetu wana zamu), na sharti la aina tatu libaki. Makundi manne ya nyika kwa kura. Mbio ya kutangulizwa kila mwezi, nje ya zile 12, na yenyewe ina kikombe. Asilimia ya umri nimeiacha kwanza, naogopa kubeba mabadiliko yote kwa mkupuo. Mama, usinikasirikie.

Ninalojua litapigwa vita ni la kuandika mbio kuu moja. Kinara wetu ameshaniuliza leo asubuhi kama anaweza kuandika nne "kwa tahadhari".

Mama_Kilomita:

Sikukasirikii, ila umri utarudi kwenye ajenda mwakani, jiandae. Huyo kinara mwambie aandike nne, halafu kocha akate tatu kwa kalamu nyekundu mbele yake. Na tafuteni mtu wa kushika saa asiye na ndugu kwenye mbio ya kutangulizwa. Hilo msilichukulie juujuu, kwetu ndilo lililowahi kuwagombanisha watu.

Polepole_Ndio_Mwendo:

Kama kusimamia kona kunahesabiwa kweli, Katibu, klabu yenu inapokea wanachama wapya?

KatibuMchovu:

Inapokea. Kona zipo saba na zote zina kilima.